Gesi inaisha mapema: kutafuta inakopotelea, dalili kwa dalili

Mtungi wa kilo 15 uliokuwa ukimaliza mwezi na zaidi sasa unakata wiki ya tatu. Wa kwanza kushukiwa ni muuzaji, kwamba amepunja. Wa pili ni binti wa kazi, kwamba anaacha moto ukiwaka bure. Mimi nasema tusimlaumu mtu kabla ya kupima, kwa sababu gesi ikipotea huacha alama, na kila alama ina chanzo chake. Mwongozo huu nimeuandika nikiwafikiria hasa wa nyanda za baridi, Mbeya, Njombe, Iringa, Arusha na Lushoto, ambako Juni hadi Agosti gharama ya gesi hupanda ghafla. Wa Dar na Tanga nao watakuta yao humu.

Anza na mizani

Kwenye shingo ya mtungi, au kwenye kishikio chake, pameandikwa uzito wa mtungi mtupu, mara nyingi baada ya herufi TW. Namba hiyo ukiongeza 15 (au 6 kwa mtungi mdogo) ndiyo uzito ambao mtungi mpya unapaswa kuwa nao. Muuzaji wa gesi anatakiwa kuwa na mizani dukani, ni agizo la EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, kwa hiyo kuomba mtungi upimwe mbele yako si kumvunjia mtu heshima. Angalia pia sili ya juu ya vali: iwe nzima, ya kampuni ileile iliyoandikwa kwenye mtungi.

Nyumbani, mizani ya kupimia watu inatosha. Simama juu yake mwenyewe, kisha simama ukiwa umeubeba mtungi, utoe. Wenye mtungi mdogo wanaweza kutumia mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo ya safari. Pima kila Jumapili, andika kwenye kalenda ya ukutani. Baada ya wiki mbili utajua nyumba yako inakula gramu ngapi kwa siku, na ukishaijua namba hiyo ubishi mwingi unaisha.

Ukikosa mizani, mwagia maji ya vuguvugu ubavuni mwa mtungi kutoka juu, subiri kidogo, kisha pitisha kiganja kuanzia juu kushuka chini. Panapoanza kuwa baridi ndipo gesi, ambayo mtungini hukaa kama maji, ilipofika.

Dalili: unasikia harufu, au gesi inapungua hata usipopika

Hili linatangulia yote, maana hapa hatuzungumzii fedha peke yake. Gesi ya kupikia haina harufu kiasili. Ile harufu ya kitu kilichooza huwekwa makusudi ili pua ituamshe. Na kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa, haipandi juu ikatokea dirishani. Inatambaa sakafuni na kutuama pembeni, chini ya kabati na kwenye mashimo.

Ukiisikia, funga vali, fungua milango na madirisha, usiwashe wala usizime taa yoyote, na usiwashe kiberiti kutafuta inakotoka. Hewa ikishasafika, changanya sabuni na maji hadi yatoe povu, fungua vali huku majiko yote yakiwa yamezimwa, na upake povu hilo sehemu nne: pale regulata inaposhika mtungi, pale mpira unapoingia kwenye regulata, urefu wote wa mpira, na pale mpira unapoingia jikoni. Povu likivimba na kutoa vipovu vipya, umepata.

Mara nyingi kosa liko kwenye kiraba kidogo cha mviringo kilichomo ndani ya vali, ambacho hukauka au kung'oka wakati wa kubadilisha mtungi, au kwenye mpira uliopasuka karibu na klipu. Kukunja mpira na kuufunga kwa gundi ya mpira wa baiskeli si matengenezo. Nunua mpira mpya wa gesi, wenye maandishi ya mtengenezaji, na klipu mbili za chuma. Kama panapovuja ni kwenye vali ya mtungi wenyewe, utoe nje palipo wazi, mbali na moto, uurudishe kwa aliyekuuzia.

Usitegemee mizani kugundua mvujo mdogo kwa usiku mmoja, kwa sababu mizani ya nyumbani haioni gramu chache. Povu huliona. Na kufunga vali kila usiku ni tabia inayofaa nyumba yoyote.

Dalili: moto wa njano, sufuria zina masizi

Moto mzuri wa gesi ni wa buluu, mfupi na mkali. Ukiwa wa njano na unapepea, gesi haipati hewa ya kutosha, haiungui yote, na sehemu ya fedha yako imebaki nje ya sufuria ikiwa masizi. Mbaya zaidi, moto wa namna hiyo hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua.

Chanzo ni uchafu: uji uliomwagika ukaziba vitundu vya jiko, vumbi, utando wa buibui kwenye bomba linalovuta hewa, au kile kitundu kidogo cha kutolea gesi kilichojaa kutu. Zima, acha jiko lipoe, ng'oa kichwa chake, kioshe kwa maji ya moto na sabuni, zibua vitundu kwa brashi au sindano nyembamba, kisha kikauke kabisa kabla ya kukirudisha. Kile kitundu cha kutolea gesi usikichokonoe kwa nguvu. Kikipanuka, jiko litakula gesi nyingi maisha yake yote. Majiko mengine yana kipande cha bati chini ya bomba kinachoweza kuzungushwa ili hewa iingie zaidi, basi kizungushe taratibu hadi moto ugeuke buluu.

Cheche chache za rangi ya chungwa zinazokuja na kuondoka ni vumbi au chumvi tu, hazina neno.

Dalili: moto unanguruma na kuruka juu ya jiko

Hapa presha imezidi. Majiko mengi ya nyumbani yametengenezwa kwa presha ndogo, takribani milibari 30, na regulata ya kawaida ya nyumbani hutoa kiasi hicho bila kurekebishwa. Lakini kuna regulata zenye kitasa cha kuongeza, zilizokusudiwa majiko makubwa ya mama lishe na wakaanga chipsi. Mtu huambiwa dukani kwamba "hii inatoa moto mkali", akaifunga kwenye jiko la plet mbili. Moto unakuwa mkali kweli, unapita pembeni mwa sufuria na kupasha joto ukuta. Rudisha regulata ya presha ndogo. Ni gharama ya mara moja.

Dalili: moto dhaifu ilhali mtungi bado mzito

Wa nyanda za juu huliona hili Julai alfajiri. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani, na humo mtungini imekaa kama maji. Propani safi huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, lakini butani huchemka karibu kabisa na sifuri. Kukiwa na baridi, na hasa mtungi ukiwa mdogo na majiko mawili yanawaka kwa pamoja, gesi inachelewa kugeuka mvuke, mtungi unatoa jasho la baridi na moto unasinyaa. Mtu anadhani imeisha, anaurudisha mtungi dukani ukiwa na robo kilo au zaidi ndani. Hiyo ni gesi iliyolipiwa.

Washa jiko moja tu na upunguze moto, utaona mtungi unavuta pumzi. Uweke juu ya ubao badala ya sementi baridi. Na tafadhali, usiupashe kwa moto, usiuingize kwenye beseni la maji yanayochemka, na usiulaze chali ili "zitoke za mwisho". Mtungi uliolazwa hutoa gesi ya maji badala ya mvuke, na ikifika jikoni hivyo, moto wake haushikiki.

Dalili: kila kitu kizima, lakini Juni gesi inakwisha nusu ya muda

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, penye fedha nyingi kuliko kwingine kote, na ndipo watu wasipopaangalia, kwa sababu maji ya kuoga hayahesabiwi kama mapishi.

Tufanye hesabu. Kilo moja ya gesi ina joto la megajuli 46 hivi. Jiko la kawaida hufikisha karibu nusu yake kwenye sufuria, mengine hupotelea pembeni, kwa hiyo tunabaki na megajuli 23 za kazi. Ndoo ya lita 20 ya maji ya Mbeya asubuhi, yenye nyuzi 16, ukitaka yafike nyuzi 38 za kuogea, inahitaji megajuli 1.84. Hizo ni gramu 80 za gesi. Haijalishi kama umepasha ndoo nzima au umechemsha sufuria moja ukaichanganya na ya baridi: joto ni lilelile.

Watu wanne wakioga ndoo moja moja kila asubuhi, ni gramu 320 kwa siku. Kwa mwezi ni kilo 9.6. Yaani kwenye mtungi wa kilo 15, karibu theluthi mbili zimekwenda bafuni kabla hujapika ugali hata mara moja. Mtungi wa kilo 6 ungemalizwa na kuoga peke yake kwa siku 19.

Nimelinganisha na chai, na tofauti inashangaza. Lita mbili za maji kutoka baridi hadi kuchemka kwa mfuniko zinakula kama gramu 27. Anayegombeza watoto kwa kuchemsha chai mara mbili anakimbiza kuku ilhali ng'ombe wako shambani.

Dawa yake basi. Ya kwanza haina gharama: nusu ndoo. Lita 10 kwa kata zinamtosha mtu mzima, na zinapunguza matumizi hayo ya gesi kwa nusu. Ya pili ni saa. Watoto wakioga alasiri badala ya alfajiri, maji yanaanza yakiwa na joto zaidi. Dumu jeusi au ndoo yenye mfuniko iliyoachwa juani tangu asubuhi, palipo na jua, inaweza kukupunguzia sehemu kubwa ya hizo nyuzi 22 bila senti. Ya tatu ni mfuniko. Maji ya kuoga mara nyingi huachwa wazi jikoni hadi yatokote, wakati hakuna anayeoga maji yanayotokota. Kila lita moja inayopanda hewani kama mvuke imebeba gramu 98 za gesi. Na mwenye nyumba yake na akiba, hita ya jua juu ya paa ni ya kufikiria kwa uzito, hasa nyumba ya watu wengi.

Dalili: siku za maharage na makande mtungi unashuka sana

Maji yakishachemka hayaongezeki joto, hata ukiongeza moto mara tatu. Kinachoongezeka ni mvuke. Maharage yaliyotokota wazi kwa saa mbili, ukiyaongezea maji mara kwa mara hadi lita tatu zimekauka, yamekula karibu gramu 300 kwa mvuke peke yake.

Kuna jambo jingine linalowahusu wa milimani. Maji huchemka kwa joto dogo kadiri unavyopanda, nyuzi moja hivi kwa kila mita 300. Dar yanachemka kwenye nyuzi 100. Mbeya, iliyo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, yanachemka kwenye nyuzi 94. Ndiyo sababu mgeni kutoka Pwani anashangaa maharage yaleyale, sufuria ileile, hayaivi. Maharage hayana kosa, na wala jiko halina kosa.

Kwa hiyo sufuria ya presha, ambayo ndani yake joto hufika kati ya nyuzi 115 na 120, ina faida kubwa zaidi Njombe kuliko Tanga. Kama kuna kifaa kimoja cha kununua kwa ajili ya gesi, nunua hicho. Angalia raba ya mfuniko iwe laini na kitundu cha kutolea mvuke kiwe wazi, na usiifungue kwa nguvu kabla presha haijatoka.

Asiye nayo aloweke maharage tangu jioni, amwage maji yale, aanze na mapya. Yakishachemka, afunike na kupunguza moto hadi yawe yanachezacheza tu. Njia ya bibi zetu nayo bado inafanya kazi: chemsha vizuri kwa nusu saa, kisha hamishia sufuria yenye mfuniko kwenye kapu au boksi lililojazwa nguo nzito, blanketi au majani makavu, uifunike na kuiacha saa kadhaa. Inaendelea kuiva yenyewe. Ukirudi unaitokotesha tena kidogo na kuunga. Maharage ya zamani yaliyokaa ghalani msimu mzima hayalainiki upesi kwa njia yoyote, kwa hiyo ukinunua gunia uliza ni ya lini.

Dalili: jiko linaachwa likiwaka ili nyumba ipate joto

Makete na Njombe usiku wa Julai ni baridi ya kweli, na naelewa anayekaa karibu na jiko. Lakini jiko la gesi lililoachwa wazi kwenye chumba kilichofungwa hula hewa ya chumba hichohicho, na jiko la mkaa chumbani ni hatari zaidi. Watu wameenda kulala nalo na hawakuamka. Ziba upepo wa chini ya mlango, weka mkeka au zulia sakafuni, jaza chupa ya chai maji ya moto ya jioni, tia mengine kwenye chupa ngumu yenye kizibo imara uiviringishe kitambaa na kuiweka miguuni kitandani. Lita mbili za maji ya moto hazifiki gramu 30 za gesi.

Je, nihamie umeme?

Swali hili linaulizwa sana, na jibu linategemea uko kundi gani la TANESCO. Tuseme umenunua mtungi wa kilo 15 kwa shilingi 57,000. Kilo moja ni shilingi 3,800, na ndoo yetu ya gramu 80 ni shilingi 304.

Ndoo hiyohiyo kwa hita ya kuchovya inahitaji uniti 0.54 hivi. Bei ya D1, kundi la nyumba zinazotumia umeme kidogo, ni shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na 350 kwa zinazozidi. T1, kundi la wateja wa kawaida, ni shilingi 292. Ukijumlisha VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA (wakala wa umeme vijijini) na asilimia 1 ya EWURA, zinakuwa 122, 427 na 356. Kwa mteja wa T1, basi, ndoo ni shilingi 192 dhidi ya 304 za gesi. Ahamie, bila kusita. Hata maji ya chai, jagi la umeme linamgharimu kidogo kuliko gesi. Plet ya umeme ya kupikia ndiyo isiyo na tofauti ya maana, maana nayo hupoteza joto jingi.

Wa D1 asikimbilie. Ndoo nne kwa siku ni uniti 65 kwa mwezi. Kama alikuwa akitumia uniti 50, sasa ni 115, na akiendelea kuvuka 75 anaweza kuhamishiwa T1. Hapo uniti zake zote 115 zitamgharimu kama shilingi 40,900, wakati awali alilipa 6,100. Ongezeko hilo la 34,800 ni karibu sawa na shilingi 36,480 za gesi aliyookoa. Amebadilisha mfuko wa kutolea fedha tu. Kwake nusu ndoo na jua ni bora kuliko hita. Jiko la presha la umeme kwa maharage, hata hivyo, linaweza kumfaa akihesabu uniti zake, kwa kuwa likishapata presha hujizima na kujiwasha lenyewe na halipotezi mvuke.

Hita ya kuchovya ina sharti moja: chomoa kwenye soketi kabla ya kugusa maji au ndoo, na isiwe bafuni kwenye sakafu yenye maji. Watoto wasiachwe nayo.

Dalili: mtungi mpya wenyewe ni mwepesi

Nimeliweka mwisho kwa sababu uthibitisho wake ni mizani, nawe sasa unayo. Kabla hujafungua sili, pima. Ukiona pungufu ya gramu mia moja au mbili kwa mizani ya watu, hiyo inaweza kuwa ni mizani yako. Pungufu ya kilo nzima ni suala jingine. Usiufungue. Piga picha ya namba ya TW, sili na mizani, tunza risiti, urudi dukani siku hiyohiyo mkapime pamoja kwa mizani yao. Wakikataa kupima au kubadilisha, Wakala wa Vipimo ndio wanaoshughulikia uzito pungufu, na EWURA hupokea malalamiko juu ya wauzaji wa gesi. Mtungi ambao sili yake imeshafunguliwa hauna ushahidi wowote, kwa hiyo kipimo hiki kifanyike mlangoni, kabla kijana wa bodaboda aliyeuleta hajaondoka.